Mama, Radi na Ruta ya Baba

Leo mama yangu kaua ruta ili kuokoa maisha yangu.

Nilikuwa sebuleni, hapa Mtendeni, nabadilisha programu ya ndani ya ruta ya Baba, kile kiboksi cha Wi-Fi. Naweka ile ya bure, wanayoitengeneza watu mtandaoni. Baba hajui.

Sharti ni moja tu: umeme usikatike kabla haijamaliza.

Imefika asilimia tisini, nje kukasikika GURUUUM!

Mnawajua mama zetu na radi. Wangu kachomoa tivii. Kachomoa friji. Kafunika kioo kwa khanga.

"Mama, hiyo usiguse!"

Kachomoa.

"Bora ife hiyo kuliko ufe wewe."

Nikachungulia nje. Jua kali! Jirani anashusha mabati kwenye lori.

Nimehangaika saa mbili nzima mpaka ruta ikafufuka. Nikaupa mtandao wetu jina jipya: MAMA USICHOMOE.

Baba karudi, kalisoma kwenye simu yake, kashusha pumzi. "Nalisema hilo tangu tuoane."

Kwenu mchomoaji ni nani? 😂

Maana hapa radi ya kweli imepiga sasa hivi, na aliyeruka kuchomoa ruta ni mimi. Hii napost kwa bando.