Nilisema Hatubaguliwi, Mdogo Wangu Akiwa Amesimama Pale

Kosa ni langu, na walioliona nawataja kwanza nisije nikajipunguzia. Alikuwepo afisa kazi kutoka wilayani. Alikuwepo meneja wa shamba, mzungu tuliyemwita Bwana Tom, na karani wake. Walikuwepo wachumaji wa parachichi: Mama Tulizo, Anitha, Skolastika na bibi Yusta. Alikuwepo mzee Kastori, mlinzi wa geti. Na alikuwepo Vumilia, mdogo wangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikalima viazi vya watu, nikawalea wadogo zangu wawili. Baadaye nikapata kibarua kwenye shamba hilo, nje kidogo ya Njombe, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa wachumaji. Wanawake hao niliwaingiza kazini mimi mwenyewe. Vumilia pia.

Sasa, jioni getini, kila mtu mweusi alipekuliwa. Unavua koti, unavua sweta, unafungua kitenge, kwenye baridi ile ya Juni inayouma masikio. Hata mhasibu, mtu mwenye shahada yake, alipekuliwa. Lakini kijana wa kizungu aliyekuja kujifunza kazi kwa wiki mbili alipita na begi lake mgongoni, mzee Kastori akimpigia saluti!

Wanawake wakapeleka malalamiko wilayani, kwa afisa kazi. Siku moja kabla afisa hajaja, tulikaa kwangu tukimenya viazi. Bibi Yusta akaniambia, "Wewe ndiye dada yetu. Sisi tukisema wataita uvivu. Wewe useme tu ulichokiona."

"Nitasema," nikajibu.

Nilikubali! Kwa mdomo huu huu!

Asubuhi yake Bwana Tom aliniita ofisini. Hakunitisha. Angenitisha, leo ningekuwa na pa kujifichia. Alinimiminia chai kwenye kikombe cha wageni, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe hapana kama wenzako. Wewe najituma sana."

Jamani! Tangu mama afe hakuna mtu aliyewahi kunisifu. Maneno yale yalishuka kifuani kama uji wa moto.

Na nisidanganye tena: niliamini. Nilijiona mimi ndiye ushahidi. Kama yatima asiye na cheti ameweza, hawa wengine wanalia nini?

Afisa aliponiita mbele nikasimama wima. "Hapa hakuna ubaguzi," nikasema. "Shida yetu sisi weusi ni kulalamika na udokozi. Tusingeiba, tusingepekuliwa. Mimi hakuna mzungu aliyewahi kunizuia."

Skolastika akaguna. "Hee! Huyu ni dada, au ni Bwana Tom kavaa kitenge?"

Wengine wakacheka. Vumilia hakucheka. Alitazama chini tu, akivuta mikono ya sweta lake ifunike vidole.

Afisa akaandika kwamba mfanyakazi mweusi mwenyewe amekanusha, akafunga daftari, akaondoka. Msimu uliofuata Vumilia na Skolastika hawakuitwa kazini. Na kumbe karani alikuwa amenirekodi kwa simu! Vibarua wapya wakiuliza kwa nini wanavuliwa makoti, wanaonyeshwa video hiyo. "Msikilizeni mwenzenu." Upekuzi upo mpaka leo, na anayeutetea ni mimi, kila msimu, hata nikiwa nimelala nyumbani na homa.

Mimi sipekuliwi tena. Usinionee wivu! Jioni foleni imesimama, watu wanatetemeka, nami napita pembeni peke yangu. Mzee Kastori ananifungulia bila kunitazama usoni. Nikiwasalimu "Kamwene," wanaitika, maana salamu hainyimwi mtu. Baada ya hapo hakuna neno. Kanisani, kwenye kwaya, kuna nafasi kulia kwangu na nafasi kushoto kwangu. Nikirudi nyumbani nasonga ugali wa mtu mmoja. Mdogo wetu wa mwisho, Ezekia, yuko shule ya bweni. Vumilia alihamia Makambako.

Nilimfuata huko. Anauza chai na chapati karibu na stendi. Aliponiona alifuta benchi kwa kanga.

"Shikamoo, dada."

Afadhali angenitukana.

"Marahaba. Mdogo wangu, nisamehe. Nilikosea."

Akanimiminia chai kwanza. "Umenilea, dada, sikatai. Nisipokushukuru kwa hilo Mungu atanihukumu. Lakini mzee Kastori alinivua sweta tu. Wewe ulisimama mbele ya watu ukasema nilistahili."

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba radhi."

"Unaniomba hapa, mabasi yananguruma, nani anakusikia? Kawaambie uliowaambia."

"Nitafukuzwa, Vumi. Ezekia anasoma."

"Najua," akasema, akigeuza chapati. "Mimi nilifukuzwa."

Hakuwa na hasira. Alinifungia chapati mbili za safari, akahudumia mteja mwingine.

Wewe unayesoma, kama umebahatika kupenya mlango mwembamba, usisimame hapo ukawaambia walio nje kwamba mlango ni mpana. Na ukiambiwa wewe si kama wenzako, usiinue kichwa. Uliza kwanza wenzako wamefanywa nini. Watakaokusifu hawatakuja kula nawe jioni. Nimejionea!

Nimesikia afisa kazi mpya atapita shambani mwezi huu. Ninachodaiwa ni maneno machache: tunabaguliwa, niliona, nilisema uongo. Nimeyasema jikoni. Nimeyasema kwa sauti katikati ya miparachichi, hakuna mtu karibu. Sasa nimekuandikia wewe, usiyenijua.

Mbele yao, bado.