Alexis wa toleka anamngoja abiria wake wa zamani

Saa kumi na mbili asubuhi, Alexis anafuta mto mwekundu wa kiti cha nyuma cha baiskeli yake, kwenye kituo cha toleka, Kabondo. Ana miaka hamsini na ushei, na kazi hii ya teksi ya baiskeli ameifanya tangu ujana. Mto unang'aa, ila wa kuukalia hayupo. Watu siku hizi na pikipiki tu.

"Zamani Kisangani ilikuwa ya velo," anasema, yaani baiskeli. "Mama Josée iko nyuma anaimba, mimi naitikia, mpaka ku soko ya Makiso."

Josée, muuza samaki wakavu, alikuwa abiria wake wa kila siku. Alexis anakumbuka mama huyo alivyokuwa akimgonga bega apunguze mwendo wakifika kwenye mashimo, na anamkumbuka kwa uchungu. Siku alipomwangusha mtaroni, yeye na beseni lake, Alexis alikuwa amelewa lotoko, pombe kali ya mahindi. Mama alivunjika mkono. Hajapanda tena.

Alexis ameacha kunywa tangu mwaka jana, kwa msaada wa Gracia, mwanasaikolojia. Gracia anasema hata wataalamu hawana jina moja la tatizo hilo. Wengine husema utegemezi: mwili umezoea kileo, ukikikosa unatetemeka. Wengine husema uraibu: mtu anaendelea kunywa huku akiona anavyoharibu. Wengi sasa wanapenda kusema ugonjwa wa matumizi ya kileo, mwepesi, wa kati au mkali.

"Ukimuita mutu mulevi, unamufunga," anasema Gracia. "Maladie, ugonjwa, bon, inatibiwa."

Asubuhi hii Josée anapita, beseni kichwani, akitafuta pikipiki. Alexis anaruka kumwahi.

"Mama, docteur anasema ile pombe yangu ilikuwa maladie."

"Maladie, sawa, Papa Alexis. Na mukono yangu, docteur anaiita namna gani?"

Alexis anautazama mkono ule. Inatia huruma kumtazama.

"Ni mimi nilikuvunja, mama," anasema hatimaye. "Unisamehe."

Josée anateremsha beseni na kuliweka kwenye mto mwekundu wa baiskeli.

"Samaki ipande. Mimi natembea na miguu."

Alexis anasukuma baiskeli taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umelishika beseni. Josée anatembea kando yake, macho kwa samaki wake.

"Leo ameniachia nibebe samaki," Alexis anasema baadaye sokoni, akijifuta machozi bila kuona haya. "Siku moja atapanda yeye mwenyewe. Namungoja."