Mtoto wa Kuitia Wenzake

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, niliazimwa. Ndiyo, kama ungo. Baba mdogo alikuwa mwaka wa nne kwenye ndoa bila mtoto, na Bibi akaamua nihamie kwake Mshangano nikawaitie wenzangu. Kwetu waliamini kwamba watoto ambao hawajazaliwa huzunguka wakitafuta nyumba yenye mwenzao wa kucheza naye. Mimi nilikuwa chambo. Ndiyo job yangu pekee mpaka leo, na degree ya Biology ninayo.

Kila jioni Skola, mke wa baba mdogo, aliniwekea sahani mbili za ugali na maharage. "Moja yako, nyingine ya mwenzako." Nilikula nimeikazia macho ile ya pili, nina hakika nikigeuka tu, mkono mdogo utaingia. Cheka ukitaka. Hukukaa pale.

Bibi alikuja kutoka Hanga kila baada ya wiki mbili, akimtazama Skola tumboni kabla ya kuitikia shikamoo yake. "Marahaba. Bado tu?" Akatamka kabisa: mavuno yakiisha hali hii hii, Skola anarudi kwao Madaba. Na mimi akanionya pembeni: "Mtoto anayetoa siri ya chumba cha watu, tumbo lake hufungwa, asizae kamwe. Umesikia?"

Nilisikia sana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya kila nchi. Mjini kulikuwa na mzee wa Kihindi muuza vitambaa, ambaye nyuma ya duka alitibu kwa Ayurveda, dawa za asili za kwao. Skola alikwenda nami. Mzee alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali redioni. Akauliza hedhi, usingizi, choo, chakula. Halafu:

"Bwana yuko wapi?"

"Yuko kwenye mitumba yake, mzee."

"Naye nilitaka kumwona. Kukosa mtoto ni habari ya watu wawili, mama." Akafunga vifurushi viwili vya unga wa mizizi, cha mke na cha mume, kila mtu anywe chake na maziwa ya moto. Bwana aache sigara na pombe ya ulanzi. "Na hospitali mkapimwe. Wote."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ninywe dawa ya uzazi? Kwani mimba nitabeba mimi?"

Asubuhi nilimkuta Skola jikoni na vikombe viwili. Akanywa kimoja. Akanywa na cha pili, machozi yakimtoka kwa uchungu wa dawa.

"Mama mdogo, hicho si cha baba mdogo?"

"Sisi ni mwili mmoja, mwanangu. Padri alitutamkia kanisani." Akapangusa midomo. "Ukiulizwa, sema amekunywa. Nikimwaibisha, ataniua."

Akaendelea hivyo mpaka vifurushi vikaisha, siku nyingine akitapika.

Mavuno yakaisha. Kikao cha ukoo kikakaa. Baba yangu, mwalimu, ndiye pekee aliyeuliza la maana: "Mzee yule alitoa dawa ya wote wawili. Huyu mume alikunywa?" Baba mdogo akatazama sakafu. Baba akanigeukia mimi. "Mtoto anakaa humo ndani. Sema, mama. Alikunywa?"

Bibi alikuwa ananitazama. Skola pia, akinisihi kwa macho.

"Alikunywa," nikasema. "Kila siku."

"Basi tumejua," Bibi akasema.

Kesho yake nilimsindikiza Skola kwenye basi la Njombe, lipitalo kwao Madaba. Alinishika shavu. "Umenitunzia siri, mwanangu. Asante." Alimaanisha kabisa.

Baba mdogo akaoa mwingine, akaazima mtoto mwingine. Hakuna mwenzake aliyekuja. Bibi akafa akisema Skola aliwafungia watoto njia.

Chuoni nilifundishwa infertility kwa michoro safi kabisa: tatizo laweza kuwa la mume, la mke, au la wote. Huenda ule unga usingefanya kitu hata wangekunywa wote. Sijui. Hakuna aliyepimwa, full stop. Kilichopimwa ni neno langu. Nililisema kwa kumwogopea Skola, na kwa kuliogopea tumbo langu, na ndilo lililompandisha basi. Watoto wasiozaliwa siwaogopi tena. Ninachosikia, hasa nyumba ikiwa kimya, ni mwanamke aliyefukuzwa akinishukuru.