Nilimnyamazisha Mutheu, Ng'ombe wa Babake Wakalipa

Mimi ndiye niliyekosa. Nasema mapema usije ukafika katikati ukaanza kuilaumu mashine, maana hata mimi nilijaribu kupitia hapo ikashindikana.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta hapa mjini Wote. Ofisi yetu ni ndogo, iko juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo na mbegu. Kulikuwa na kazi moja tuliyojivunia sana: kila asubuhi tunawatumia wafugaji wa kaskazini mwa Kitui ujumbe wa simu, kuwaambia kisima kipi kina maji. Huko mtu huswaga ng'ombe kutwa nzima akifuata maji. Akikuta tangi la kisimani tupu, hana nguvu ya kwenda kwingine, na mifugo nayo haina.

AI, hii akili bandia, ilipoanza kuandika programu kutushinda, mwenye kampuni, mama mmoja wa Makindu, aliniita. "Hii kuandika tuachie AI," akasema. "Wewe sasa nimekupatia hawa vijana. Ukuwe kiongozi wao."

"Sawa, madam," nikaitikia. Kumbe sikuelewa hata nusu! Nilidhani kiongozi ni yule anayemaliza kazi haraka kuliko wote. Basi nikawa naiagiza AI, inatema kurasa kwa kurasa, nami napitisha bila kusoma. Nilijiona simba.

Chini yangu kulikuwa na binti nitakayemwita Mutheu. Kwao ni Tseikuru, babake mfugaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikisha mzee kwenye huduma yetu, akamwambia aache kumtuma mtu kwanza kukagua kisima, aamini simu. Na huyo Mutheu kwa maswali, woi! Alinichosha.

Siku moja tulikuwa na wageni wakubwa. Nimevaa tai, nawaonyesha mfumo wetu. Mutheu akainua mkono.

"Bos, na kama ile mita ya kupima tangi imekufa? System itajuaje maji imeisha?"

Sikujua jibu. Ningesema sijui, tutaangalia, yangeishia hapo. Lakini mbele ya wageni? Nikacheka. "Mutheu, hii kitu imeandikwa na AI na ikapimwa na AI. Kwani wewe uko na akili kuliko hiyo?"

Wageni wakaangua kicheko. Mutheu naye akacheka, akashusha mkono. Kuuliza si ujinga, tulifunzwa hivyo tangu shule ya msingi, na mimi siku hiyo nikaufanya uwe ujinga.

Hakuuliza tena. Wenzake nao wakapoa. Na mimi mpumbavu nilifurahi! Niliona ofisi imetulia, nikamwambia mke wangu kwamba hata uongozi nimeuweza.

Ukame ukaja. Mita ya kisima kimoja ikaharibika, na mfumo wetu ukawa unarudia tu kipimo cha mwisho ulichopata: maji yapo. Baba Mutheu akasoma ujumbe, akaswaga ng'ombe na mbuzi wake hadi pale. Tangi lilikuwa kavu. Wakirudi, ng'ombe walianza kuanguka njiani mmoja mmoja. Waliofika nyumbani ni mzee na mbuzi wachache.

Mutheu alipokea simu hiyo akiwa ofisini, mbele yangu. Aliweka simu mezani, akaniambia bila kupandisha sauti, "Baada ya wale wageni nilienda nikaangalia hiyo program, bos. Nikaona iko tu na ile shida niliuliza. Nikaogopa utanicheka tena. Nikajiambia labda mita haitakufa."

Jamani! Binti wa watu anabeba lawama yangu mpaka leo.

Nilifungua programu nirekebishe. Sikuelewa kitu, na jina la aliyeipitisha lililoandikwa pale ni langu. Nikaiuliza AI. Ikaomba radhi kwa adabu, ikaleta marekebisho kabla chai yangu haijapoa. Hivyo tu!

Nilienda Tseikuru na sukari na majani ya chai, kama mtu anayeenda matangani. Mzee alinipokea vizuri, akanitolea kiti. Heri angenifukuza! Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa kijana, kesho hiyo simu ikisema maji iko, nipeleke hizi mbuzi ama nikae?"

Hata leo sijui ni makosa mangapi mengine yamejificha katika kurasa nilizopitisha bila kusoma. Niliondoka bila kumjibu.

Mutheu aliacha kazi, sasa anauza katika duka la dada yake. Nilimpigia kumwomba arudi. "Asante bos, niko sawa," akanijibu kwa heshima zote. Simlaumu.

Waliobaki nawasihi waulize. Nimewabembeleza, nimewanunulia chakula, nimeapa sitacheka. Wananitazama tu, wanasema kila kitu kiko sawa. Nitafanya nini? Mtu halazimishwi kukuamini.

Wewe uliyekabidhiwa watu kwa sababu AI imechukua kazi ya vidole vyako, nakuomba sana. Kijana akikuuliza usilolijua, hata kama rais ameketi hapo, sema hujui. Mimi nilikuwa na mmoja aliyethubutu kuniuliza, nikamnyamazisha kwa mzaha. Siku hizi ujumbe ukitoka asubuhi kwenda kwa wafugaji, nashika simu mkononi nikingoja mtu aniambie kuna makosa. Hakuna anayepiga.