Mlinzi wa Tegeta aliitwa mwizi wa haidrojeni, kumbe gesi nilikuwa naimwaga mie

Wakuu, habari za humu.

Naanza na kosa langu ili mtu asije akanifukunyulia kwenye komenti. Mwanzoni kabisa nilibadilisha seti, yaani mpangilio, ya valvu kwenye fuel cell, mashine ya kuzalisha umeme wa mnara wa simu, valvu ikawa inafunguka kila mara, nikidhani ndiyo kuitunza mashine. Mzee wa watu akaitwa mwizi kwa sababu hiyo. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mie sina cheti. Nimekulia Temeke nikifungua inverter mbovu na kuangalia video mpaka bando linakata. Kampuni moja ndogo inayohudumia minara ya simu ilinichukua kama fundi msaidizi. Kwa kuwa ni mie peke yangu niliyesoma manual ya fuel cell hadi mwisho, mashine ya Tegeta nikaachiwa.

Kwa wasioijua: haidrojeni inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili, unapata umeme, joto na maji. Hakuna moto, hakuna moshi. Tanesco wakikata, mnara unaendelea. Kila baada ya muda kuna valvu inafunguka kidogo kutoa maji na uchafu uliojikusanya ndani.

Sasa mie ni mtu wa kurudi nyumbani kuhakikisha kama mlango nimefunga. Nikawaza joto hili la Dar na unyevu huu, maji yataijaza mashine na itakufa mikononi mwangu. Nikaiweka valvu ifunguke mara nyingi zaidi ya manual ilivyosema. Feni ya kuvuta hewa nayo nikaiwasha kwa nguvu zote muda wote, hata mzigo wa umeme ukiwa mdogo.

Nililala vizuri sana wiki ile.

Nilichosahau ni kwamba valvu ikifunguka, maji yanatoka na gesi nzuri inatoka nayo. Na feni inakula umeme uleule ambao mashine imetoka kuutengeneza.

Mitungi ya haidrojeni ikaanza kuisha mapema.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka hadi leo. Kwenye minara kuna ugonjwa wa zamani wa kunyonya dizeli ya jenereta. Kwa hiyo ofisini mafuta yakipungua, mashine haiulizwi. Anaulizwa mlinzi. Wakaleta teknolojia mpya, akili wakabaki nayo ileile ya dizeli.

Mlinzi wetu alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Masasi, anaishi Ukonga. Msimamizi wa kampuni yetu alifika getini na gari, hata salamu hakutoa.

"Mzee, hii gesi unampelekea nani?"

"Bosi, mie gesi yenyewe hata rangi yake siijui."

"Haina rangi."

"Sasa umeniona nimebeba nini?"

Dereva wake akacheka. "Labda Mzee ana biashara ya maputo."

Msimamizi akamwambia arudishe sare siku hiyohiyo, na jina lake linapelekwa polisi.

Jamani, haidrojeni Tegeta unamuuzia nani? Dizeli ina wateja, mwenye Fuso atachukua. Hii iko kwenye mtungi wa presha kubwa, una koki ya aina yake. Muuza chips ataifanyia nini? Swali hilo hakuna aliyejiuliza, na mie niliyelijua jibu nilikuwa nimesimama palepale nimeshika spana, kimya. Niliogopa.

Akaletwa mlinzi mwingine. Gesi ikaendelea kuisha vilevile. Mnadhani msimamizi alishtuka? Akaanza kumtilia shaka na huyo mpya.

Ndipo nikaanza kuishuku valvu yangu, nikachukua mpira wa maji, nikauunganisha kwenye bomba ambalo valvu inatolea, nje kwenye upepo, sigara marufuku. Mwisho wa mpira nikautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kila valvu ilipofunguka, ndoo ikachemka mapovu. Nikarudisha seti ya manual, mapovu yakawa machache, na voltage haikushuka hata kidogo. Yaani ule uangalifu wangu wote ulikuwa unaenda hewani.

Nikamwita msimamizi. Nikarudisha seti yangu mbovu ili aone.

"Kwa hiyo unaniambia gesi inajiibia yenyewe?"

"Hapana bosi. Naimwaga mie. Hii seti niliweka mie."

Akaanza kurudi kwenye gari. "Rekebisha. Na haya maneno yaishie hapa."

"Na Mzee Bakari?"

"Ameshaondoka huyo. Tukimrudisha sie tutaonekanaje?"

Hebu fikirieni, wakuu. Mtu anajua kabisa mzee hana kosa, na anachojali ni sura yake.

Nikarekodi video ya ndoo, nikaituma kwenye grupu la kazi ambamo mkurugenzi yumo, nikaandika kwamba kosa ni langu na mzee hajaiba kitu. Kisha nikazima simu, nikaenda kukaa chooni kama mgonjwa.

Mkurugenzi aliagiza mzee arudishwe. Nikamfuata Ukonga mwenyewe kabla hajapigiwa.

"Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, kaa." Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kazi nitarudi. Ila majirani wameshaniuliza mitungi naficha wapi. Hilo nalo lina seti yake ya kurekebisha?"



Mashine yenyewe tumeiboresha. Valvu sasa inafunguka voltage ikianza kushuka, haifuati saa. Feni inafuata joto. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi la Tegeta, feni ikawa inavuta kwa shida, siku hizi linasafishwa. Na mzigo ukipanda ghafla betri za mnara zinaupokea kwanza, fuel cell inaendelea taratibu bila kukurupushwa.

Nilichojifunza ni kwamba uangalifu bila kupima ni woga tu, na gharama ya woga wangu aliibeba mtu asiyehusika. Ukiona mafuta yanapungua, ya dizeli au ya namna yoyote, pima mashine kabla hujamgusa mtu. Mafundi mliowahi kushika hizi mashine, nikosoeni hapo kwenye valvu. Na walinzi mliomo humu, semeni yaliyowakuta.

Mzee Bakari yuko kazini, aliomba kuhamishwa na sasa analinda Kunduchi. Msimamizi hatunaye tena kazini. Mie bado niko Tegeta, na mitungi ikiisha mapema, simu ya kwanza inapigwa kwangu.