Bakuli la Munkoyo

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Tunduma ndiyo iliyonilea hivyo. Ukikaa mpakani ukamwamini kila anayekuita "mayo", yaani mama, utaamka huna hata sufuria.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na vyumba viwili vya kupangisha uani, na vyote walikaa Wakongo. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwingine muuza vitenge. Nilidhani watu waliokimbia vita moja watakula sahani moja. Wapi! Kila mmoja alikuwa na jiko lake, ndoo yake na kamba yake ya kuanikia. Mmoja akitoka kwenda kuoga, mwenzake anajifungia ndani kwa komeo.

Muuza vitenge ndiye aliyeanza. Alinijia nikichambua maharage.

"Mama, ule alikuwa askari. Angalia bega yake. Ile alama ni ya mkanda wa bunduki."

Nikaangalia. Kweli, bega la kulia lilikuwa na sugu pana, ngumu kama kisigino. Kesho yake fundi naye akaninong'oneza kwamba muuza vitenge anapeleka majina ya watu ng'ambo. Hapo ndipo nilipoona jinsi nchi inavyopigana yenyewe kwa yenyewe. Bunduki waliziacha huko kwao, lakini vita walikuja nayo mpaka uani kwangu, na mimi nikachagua upande kama mpumbavu.

Nilimchagua muuza vitenge kwa kuwa alikuwa mcheshi. Fundi alikuwa mkimya, na neno lake la kila jioni lilikuwa moja: kuna mwanamke amemuulizia? Alipotezana na mkewe njiani, akamtumia salamu kwa madereva wa malori amfuate kwenye nyumba ya mlango wa bluu, yaani kwangu. Nami nikajisemea, mke gani huyo? Anasubiri askari wenzake.

Siku moja mchana akaniletea bakuli la munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi, limejaa pomoni. Alilishika kwa mikono miwili, akainama. Sasa kwetu Mbozi, anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Hata mama yangu mzazi alikuwa akionja kabla ya kunipa. Huyu hakuonja.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Hapana, mama. Siwezi."

Nilikwenda kumwaga bakuli zima nyuma ya choo, na kabla jua halijazama nilikuwa kwa balozi wa nyumba kumi nikieleza yote: bega, wenzake, sumu.

Siku ya tatu watu wa uhamiaji walikuja na gari wakamrudisha ng'ambo. Hakubishana. Aliomba tu achukue cherehani yake, kile kichwa cha chuma kisicho na meza. Akakifunga mkanda, akakitundika begani, upande wa kulia, na mkanda ukakaa sawasawa juu ya ile sugu. Niliona kwa macho yangu. Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta chumvi.

Haukuisha mwezi, mwanamke akasimama mlangoni, miguu imevimba, midomo imepasuka kwa kiu. Akauliza kama hapa ndipo kwa fundi. Nikamwambia aketi kwanza. Kwa kuhangaika nikamchotea togwa nikampa hivyo hivyo, bila kuonja.

Alilipokea bakuli, akalitazama jinsi mtu mwenye kiu anavyotazama, kisha akainama na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Anza wewe," nikasema.

"Hapana, mama. Siwezi. Kwetu mtoto akitangulia kuonja mbele ya mama, amemtukana." Akatabasamu. "Mume wangu ameenda kazini?"

Nililichukua lile bakuli nikaanza kunywa. Nilikunywa taratibu, nikanywa mpaka chini, kwa sababu nilijua nikilitua itabidi nimjibu.