Mfuko wa Vumbi la Baba Kabula

Chumba cha mbele cha nyumba yetu, pale Nyasubi, kilinuka mota iliyoungua na vumbi la watu tusiowajua. Mama alikuwa fundi cherehani, lakini maradhi yake yalikuwa mashine kuukuu za kufyonza vumbi, zile nzito za bati zilizouzwa mnadani kila wageni wa mgodini walipohama. Wenzake walikusanya vitenge, yeye alikusanya vichwa vya mashine: kipana cha zulia, chembamba cha kwenye kona, chenye brashi cha mapazia. Alibadilisha kaboni za mota, akaziba mipira iliyopasuka, na mifuko ya vumbi iliyooza akaishona upya kwa kitenge. Majirani walimcheka, maana mtaa mzima haukuwa na zulia. Yeye aliwajibu kwamba hata kichaa ana haki ya kuchagua jalala lake.

Kiangazi kimoja kirefu, duara, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba Baba Kabula, mpangaji wetu wa uani, lilititia huko upande wa Bulyanhulu likamfunika. Wenzake walifukua mpaka wakakata tamaa, na msiba ukawekwa bila maiti. Kwetu nyumba yenye msiba haifagiliwi mpaka matanga yaanuliwe, kwa hiyo vumbi likatanda chumbani kwa mjane, na wakwe walikuwa njiani kutoka Geita. Mama akaona aibu. Akasema mila imekataza ufagio, mashine haikutajwa. Mama Kabula alipokwenda kuoga, Mama akaingiza mashine yake nyekundu, akafyonza kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda.

Mota ilikohoa. Sisemi ilikwama, ilikohoa kwa kifua, kama Baba Kabula alivyokohoa kila alfajiri akitafuta buti zake. Mama akaizima, akachomoa waya, akairudisha chumba cha mbele. Mchana ule jua lilikuwa la utosi na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini niliuona mfuko wa kitenge ukijaa taratibu, ukanywea, ukajaa tena. Ukatoka harufu ya mawe mabichi na sigara. Mama naye aliona, maana aliacha kushona.

Mama Kabula aliingia bila kupiga hodi, nywele bado zinachuruzika maji. Hakupaza sauti.

“Mayu,” akamwita Mama kwa Kisukuma, “mume wangu hawakuniletea. Kilichobaki mle ndani ni vumbi la miguu yake, na wewe umelichukua.”

Mama, aliyekuwa na jibu la kila mtu, alipiga magoti. “Nisamehe, mdogo wangu. Nilidhani nasafisha.”

Aliuchomoa mfuko, akaufunga mdomo kwa uzi, akamkabidhi. Mjane aliupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, nao ulikuwa ungali unapanda na kushuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walinong'ona akina mama uani, lakini hakuna aliyecheka. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walichimba kaburi, wakauzika mfuko ule kwa heshima zote za mtu, na hapo ndipo Mama Kabula alipolia kwa mara ya kwanza. Kisha wakampa ufagio, akafagia mwenyewe. Mama aliziuza mashine zake zote kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Sasa naishi Ibadakuli, nyumba ya vigae, na mashine yangu ni nyepesi, haina hata mfuko. Misiba ya siku hizi nayo ni myepesi: turubai likishushwa, kila mtu anarudi kwenye simu yake. Mama, niliyekuwa nikiishi naye hapa, alifariki mwaka jana. Ndugu walikaa siku chache wakatawanyika, na hakuna mzee aliyenikabidhi ufagio na kuniambia inatosha. Wiki iliyopita binti yangu aliniuliza kama asafishe chumba cha bibi yake. Nilimwambia bado, nikaufunga mlango polepole, upepo usije ukaingia.